Naomba ushauri: kupanda Longonot peke yangu na hili jua

Habari zenu wapenda milima. Jumamosi ijayo nataka kupanda Mlima Longonot, ule wa volkano karibu na Naivasha, niende na kurudi Nairobi siku hiyo hiyo. Rafiki niliyepanga naye amejitoa, na sitaki kuahirisha tena. Najua Februari jua linachoma, lakini tukingoja mvua za Machi tutapanda matope.

Usafiri haunisumbui: matatu ya Naivasha inayopita Mai Mahiu, nashuka Longonot, bodaboda hadi langoni. Kinachoniumiza kichwa ni kule juu. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, ni kama kilomita 3, na kuuzunguka ukingo ni zaidi ya 7 nyingine, kilele cha mita 2,776 kikiwa ng'ambo. Kivuli ni cha kutafuta. Kwa mtu aliye peke yake, nizunguke kote au nifike ukingoni, nipige picha, nigeuze? Lita 3 za maji zitatosha?

Halafu viatu. Raba zangu zimelika soli, na yale majivu ya volkano huteleza kama unga, hasa ukishuka. Nitafute buti za mtumba Gikomba, ama fimbo inatosha?

Akina dada mliowahi kwenda wenyewe, mlijiunga na kikundi langoni au mlilipia askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) awasindikize? Mimi nyati wananitisha kuliko watu. Mama bado hajui, kwa hivyo msinichome.