GPS ya USB nikiichomeka kwenye laptopu mausi inakimbia yenyewe, na QGIS haisomi kitu. Msaada wakuu

nyota_ya_kayenze

Wakuu mwangaluka. Niko Mwanza hapa, nimepewa kazi ya kuchora ramani ya mialo, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, kuanzia Kirumba kupandisha Igombe mpaka Kayenze, tunaenda kwa boti, na bosi anataka tukiwa majini aone kwenye laptopu nukta yetu inatembea hapohapo juu ya ramani, sio yale mambo ya kurudi ofisini jioni ndio unaanza kushusha pointi moja moja.

Nimepata GPS ya mtumba, kale kadude keusi ka duara kenye sumaku chini na waya wa USB, haina CD wala karatasi. Laptopu ni Windows 10, programu ya ramani ni QGIS. Sasa jana usiku naichomeka, nawasha laptopu, kidogo mausi ikaanza kukimbia yenyewe kwenye skrini kama imepandwa na mashetani, inabofya huku, inafungua folda kule, mara ikashika faili langu la Excel ikalipeleka kwenye folda ya picha za harusi ya dada yangu. Nikichomoa inatulia. Nikichomeka naona iko sawa dakika kadhaa, nikiwasha upya tena vurugu. Na QGIS kwenye ile paneli ya GPS nikibonyeza kuunganisha inazunguka weee halafu inagoma.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja mjini kasema virusi, nipige Windows upya, elfu thelathini. Kabla sijatoa hela naomba ushauri. Safari ni Jumamosi.

kijana_wa_igoma

Hiyo virusi mkuu wala usijiulize, vitu vya mtumba vinakuja na mambo yake. Piga chini Windows weka mpya.

fundi_redio

Jamani msipige chini Windows za watu. @nyota_ya_kayenze hela yako tunza ununulie mafuta ya boti.

Hicho sio kirusi. Hizo GPS zinatema maandishi kila sekunde kupitia poti ya serio (serial, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta), na ndani ya huo waya kuna kachipu kanakogeuza serio kuwa USB. Sasa ukiwasha laptopu huku imeshachomekwa, Windows inaona data zinaingia kwenye poti inajiuliza hii ni nini, na kwa sababu bado inakumbuka mausi za zamani zilizokuwa zinatumia serio, inaamua hii ni mausi. Ndio maana mishale inaruka, kila mstari wa setelaiti anausoma kama umesogeza mkono.

Fungua Device Manager, nenda sehemu ya mausi, nina uhakika utakuta kitu kinaitwa Microsoft Serial BallPoint. Bofya kulia, chagua Disable. Usichague Uninstall maana siku ukiwasha nayo imechomekwa anarudi yule yule. Kama huna muda hata wa hilo basi dawa ya haraka ni kuchomeka GPS baada ya Windows kumaliza kuwaka, lakini hiyo majini utasahau tu, nakwambia.

Ukishamaliza hapo shuka kwenye Ports, angalia imepewa COM namba ngapi. Ukikuta ina alama ya njano na Code 10 basi huenda hiyo chipu ni ya zamani na draiva mpya inaikataa, itabidi urudishe draiva ya zamani, ukifika huko niambie. Kama haina alama andika namba kwenye karatasi, halafu QGIS iache kwanza. Chukua PuTTY, kaprogramu kanakokuonyesha maandishi yanayoingia kwenye poti, chagua Serial, weka hiyo COM na spidi 4800, fungua. Inatakiwa uone mistari inayoanza na $GP inashuka. Usipoiona hapo hata QGIS haitaiona, hakuna muujiza. Nirudishie mstari mmoja wa $GPRMC, ule wenye mahali ulipo, tuusome.

nyota_ya_kayenze

Mkuu fundi_redio ubarikiwe!! BallPoint nimemkuta kweli, amekaa pale kati ya mausi mbili za halali kama mgeni asiyealikwa. Nime-Disable mausi imetulia tuli, nimewasha upya mara tatu iko poa.

Poti ni COM5, haina alama ya njano. PuTTY kwanza niliacha spidi 9600 nikapata takataka, vialama vya ajabu ajabu, nikaweka 4800 mistari ikaja vizuri. Lakini huu ndio mstari wenyewe, dakika ishirini sasa haubadiliki:

$GPRMC,,V,,,,,,,,,,N*53

Na QGIS bado inagoma. GPS mbovu hii au?

dada_ramani

Kaka yangu swali moja, umekaa wapi ukiwa unajaribu?

nyota_ya_kayenze

Niko ndani, Nyakato, kwenye meza.

dada_ramani

Chini ya bati. Haya toka nje 😂

Hiyo V maana yake bado haijapata mahali ilipo, ndio maana koma zimefuatana hazina kitu katikati. Ikishika setelaiti V inageuka A na namba zinajaa. Bati linakata mawimbi, utakaa humo ndani mpaka Jumamosi. Iweke sehemu inayoona anga, uiache imetulia usitembee nayo, na kwa kuwa ni ya mtumba labda imelala kabatini miezi ipe muda, mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa kwa sababu lazima isikilize setelaiti zijitambulishe upya. Kesho yake itashika haraka. Nyingi za aina hiyo zina kitaa kidogo cha kuwaka, kikiwaka bila kupepesa inatafuta, kikianza kupepesa imepata.

La pili, najua hukufunga PuTTY. Poti ya COM inashikwa na programu moja tu kwa wakati, PuTTY ikiwa imeikalia QGIS inabisha hodi hapewi. Funga PuTTY kabisa ndio uunganishe, na usiache ijitafutie poti yenyewe, mwambie moja kwa moja COM5.

Halafu usihamehame tundu za USB. Ukichomeka tundu lingine Windows inaweza kukupa COM7 au COM8 na utaanza kulia upya. Mimi langu nimelibandika plasta ya kidonda pembeni, natumia hilo hilo tu.

mzee_wa_simu

Mnahangaika nini na mawaya, si kuna QField, unaweka kwenye simu na simu ina GPS yake humo humo, unatembea nayo mfukoni.

nyota_ya_kayenze

Mzee QField naijua na naipenda, tatizo bosi anataka skrini kubwa watu wanne waangalie kwa pamoja wabishane mwalo upi ni upi. Kwa simu tutagombana.

Dada_ramani nimetoka uani, dakika kama sita hivi kitaa kikaanza kupepesa, A imekuja! Nimenakili namba kabla sijafunga PuTTY: 0230.6000,S,03256.4000,E. Nikaziweka kwenye QGIS kwa mkono kama -2.306 na 32.564 kujaribu, nukta ikaenda kunitupa magharibi huko ziwani upande wa kisiwa cha Kome wakati mimi niko Nyakato nimeshika kikombe cha chai. Sasa hapa ndio naanza kumwamini yule fundi wa virusi.

dada_ramani

Hahaha hapana, hapo kosa ni lako sio lake. Hizo sio desimali. 0230.6000 ni nyuzi 2 na dakika 30.6, na dakika unagawa kwa 60, inakuwa 0.51, kwa hiyo uko 2.51 kusini, alama ya kutoa ibaki mbele. Vivyo hivyo 32 na dakika 56.4 ni 32.94. Jaribu tena utajikuta uani na chai yako. Ulijirusha zaidi ya kilomita 40. QGIS ikisoma yenyewe kutoka kwenye poti inapiga hiyo hesabu, ni mkono wako tu ndio ulioharibu.

Ila kuna mtego mwingine nakuonya mapema. Kama ramani mnayoweka chini ni zile shiti (karatasi za ramani) za zamani za serikali zilizoskaniwa, hizo zimechorwa kwa Arc 1960, na GPS inaongea WGS 84, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Ukizichukulia kama kitu kimoja nukta inakaa pembeni karibu mita 300, na mita 300 ufukweni ni tofauti ya kuwa kwenye mwalo au katikati ya maji. Mwanza iko zoni 36 kusini ya UTM, kwa hiyo shiti ipe EPSG 21036 (namba ya Arc 1960 kwa zoni hiyo), mradi wako wa QGIS uwe 32736 (ya WGS 84), QGIS itahamisha yenyewe. Ikikuuliza njia ya kubadilisha usibonyeze tu sawa sawa, soma.

fundi_redio

Naongeza kidogo. Mkiwa majini angalia na mwinuko, uso wa ziwa uko kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Ukiona inakupa mita 300 au 2,000 ujue setelaiti ni chache, subiri kidogo kabla hujaandika pointi. Na usimwonyeshe nahodha hiyo nukta kama ndio ramani ya kuendeshea, mawe yaliyo chini ya maji hayamo humo, yeye anayajua kwa kichwa.

nyota_ya_kayenze

Wakuu mrejesho. Tumetoka Kirumba saa moja asubuhi tumerudi saa kumi, nukta imetembea mwanzo mwisho. Igombe kweli ilitaka kutukalia majini, nikakumbuka Arc 1960, kumbe shiti moja niliisahau, nikaiwekea 21036 ikarudi ufukweni pale pale penye vichanja vya dagaa. Bosi akadhani mimi fundi.

Kilichotusumbua ni kitu ambacho hakuna aliyenionya, boti ni ya mbao, sumaku haishiki. Mara mbili GPS imeserereka ikataka kwenda ziwani ikabaki inaning'inia na waya wake. Nahodha akatafuta mfuniko wa kopo la rangi akaupigilia misumari miwili juu ya kibanda, nikabandika pale haijasogea tena. Na skrini juani huoni kitu, tumejifunika kanga watu wanne kama wanaojifukiza.

Swali la mwisho, nataka niongeze waya ili laptopu ikae mbali na maji, mita 10 itafaa?

fundi_redio

Usizidishe mita 5 kwa waya wa kawaida, ukizidi hapo itakuwa inakatika katika na utarudi huku kusema GPS mbovu. Kama lazima iwe 10 tafuta waya wenye kikuza mawimbi katikati. Na huo mfuniko wa kopo usiutoe.

nyota_ya_kayenze

Wabeja sana. Nahodha kashasema ni wake.