Ulinganisho: Pembetatu ya Duval, miti ya maamuzi au mitandao ya neva kwa afya ya transfoma?

FundiKoili: Habari za kazi, ndugu zangu. Tunasimamia transfoma za nguvu ambazo gesi zilizoyeyuka katika mafuta yake hupimwa kila baada ya miezi sita, na majibu huwa tunayasoma kwa Pembetatu ya Duval, mchoro uliobuniwa 1974, ambao hutumia methani, ethilini na asetilini tu kubainisha aina ya hitilafu. Sasa tunashauriwa tuhamie kwenye ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza kutokana na vipimo vilivyopita. Je, tuchukue msitu wa miti ya maamuzi (mfululizo wa maswali yanayoongoza hadi jibu), mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa kuiga neva za ubongo), au tubaki tulipo?

MpimaMafuta: Pembetatu bado inafaa, ila kwa kuwa hutazama uwiano wa gesi pekee, hata transfoma nzima, isiyo na hitilafu, ukiipitisha humo itatajiwa ugonjwa. Mimi ningechagua miti ya maamuzi, kwa sababu huridhika na vipimo mia kadhaa na huonyesha ni gesi ipi iliyobeba uzito wa uamuzi, jambo ambalo mhandisi atataka kulijua kabla ya kuamuru transfoma izimwe.

Neva_Bandia: Kwa vipimo vya miezi sita nakubaliana nawe, ndugu Mpima. Lakini penye vihisi vinavyosoma joto na mzigo kila saa, mtandao wa neva hufundishwa mwenendo wa transfoma ikiwa nzima, kisha hutoa tahadhari pale joto la mafuta linapozidi lile linalotarajiwa kwa mzigo na hali ya hewa ya saa hiyo. Hapo hauhitaji mifano ya hitilafu, ambayo kwa bahati njema ni michache.

MpimaMafuta: Uchache huo ndio mtego. Ikiwa transfoma 98 kati ya 100 ni nzima, modeli inayosema zote ni nzima itajivunia usahihi wa asilimia 98 bila kugundua chochote. Muuzaji akikutajia usahihi, muulize hitilafu ngapi zilimpita.

MzeeSwichi: Vijana, mmesahau swichi ya kubadilishia volti. Cheche zake za kawaida huzalisha asetilini, na mafuta yake yakivujia tangi kuu, modeli isiyojua habari hiyo itapiga kelele bure.

FundiKoili: Shikamoo mzee, hilo limenigusa. Kwa kuwa vihisi tunavyo kwenye transfoma mbili tu, tutaanza na miti ya maamuzi, na katika jedwali letu tutaongeza safu ya aina ya swichi, ambayo hadi leo hatujawahi kuiandika.