Kubadilisha maneno ya muhtasari wa tamthilia kwa visawe

Mkazi wa Makadara:
Assalaam aleikum. Kazini kwetu hapa Mombasa mimi ndiye ninayeandika maelezo mafupi ya vipindi yanayosomeka kwenye king'amuzi, nayo hayaruhusiwi kuzidi herufi 140 pamoja na nafasi. Juma hili nimepewa muhtasari wa tamthilia uliokwisha kutumika kwingine, nikaambiwa niuandike kwa maneno tofauti. Ulikuwa hivi: "Siri ya hati ya nyumba inafichuka siku mbili kabla ya harusi ya Zuhura, na mjomba wake analazimika kueleza kwa nini aliificha." Nilichukua kamusi, nikabadilisha neno baada ya neno, nikapata: "Faragha ya hati ya nyumba inagundulika siku mbili kabla ya ndoa ya Zuhura, na ami yake anashurutishwa kubainisha kwa nini aliisitiri." Mhariri ameurudisha bila maelezo. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Kibokoni:
Waaleikumu salaam, mwanangu. Umekosea pengi, lakini la "ami" ndilo kubwa. Mjomba ni ndugu wa mama, ami ni ndugu wa baba, na katika hadithi ya nyumba ya urithi hiyo si tofauti ndogo: katika mirathi ya Kiislamu ami huweza kuwa miongoni mwa asaba, yaani jamaa wa ukoo wa kiume wanaochukua kilichosalia baada ya wenye mafungu maalumu kupewa, ilhali mjomba yumo katika dhawil arhaam, ndugu wa damu wasio na fungu wala si asaba, ambao kwa kawaida hawafikiwi maadamu wapo warithi walio karibu zaidi. Mtazamaji wa Mji wa Kale atakayesoma "ami" atadhani mzee huyo anaitetea haki yake.

Kisha "kusitiri". Hapa kwetu humsitiri mtu ukaifunika aibu yake, na hilo ni jambo la heri. Aliyeficha hati hakusitiri kitu. "Faragha" ni hali ya kuwa peke yako au mbali na watu, kwa hiyo hati haina faragha. "Anashurutishwa" nalo linamfanya msomaji aulize ni nani anayemshurutisha, ilhali mtu huweza kulazimika kwa hali tu.

Binti Likoni:
Naongeza la "ndoa". Kwetu ndoa huweza kufungwa msikitini leo na harusi ikafanywa baada ya miezi. Ukibadilisha moja kwa nyingine umebadilisha na tarehe.

Mimi pia huandika maelezo kama hayo, na kwa kweli kamusi ya visawe huifungua mwisho, nikishakwama kwa neno moja. Kwanza hutazama sehemu yenyewe ya tamthilia, kisha huufunga ule muhtasari wa zamani na kujiuliza ni nani aliyefanya nini. Sentensi huanzia upande mwingine yenyewe. Ukibakiza mfumo wa sentensi ya mwenzako ukabadilisha maneno tu, bado ni sentensi yake, tena imeharibika. Angalia pia upatanisho wa kisarufi: kwa mfano, katika muhtasari mwingine, ukitoa "mkopo uliochukuliwa" ukaweka "deni", hutaweza kuacha "uliochukuliwa" pale pale, na hata "deni lililochukuliwa" halitakaa sawa, kwa kuwa deni hudaiwa na kulipwa. Je, umeitazama sehemu hiyo? Ni nani aliyeiona hati?

Mkazi wa Makadara:
Shukran, mwalimu, na shukran, dada. Nakiri sikuwa nimeitazama. Nimeitazama jana usiku, na kumbe Zuhura hakuhusika kabisa na kupatikana kwa hati. Muhtasari wa kwanza haukumtaja aliyeipata. Nimeandika: "Fundi anayepaka rangi nyumba kwa ajili ya harusi ya Zuhura anaikuta hati ndani ya kasha kuukuu, na kila aliyepo anamtazama mjomba." Ni herufi 130.

Mwalimu wa Kibokoni:
Huu upeleke. Tena umefanya vyema kutosema kwa nini aliificha.