Pembe ya CP, Higgs kuoza kuwa tau mbili: mbona histogramu haina wimbi?

Fundi_Ngomeni (Malindi)
Assalamu alaykum wakubwa. Naigiza kwa kompyuta migongano ya elektroni na positroni kwa GeV 240 (kipimo cha nishati), kama itakavyokuwa FCC-ee, ile mashine ambayo CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, inaipangia handaki la kilomita 91 hivi. Nataka kuona kama chembe ya Higgs inavunja ulinganifu wa CP (yaani kubadili chembe na antichembe yake, pamoja na kugeuza picha kama kwenye kioo) inapooza kuwa tau mbili, chembe zilizo binamu wazito wa elektroni. Nimetumia Pythia 8, programu ya kuigiza migongano, nikachuja matukio 20,000 ambamo kila tau imetoa rho, chembe ya muda mfupi sana, na kila rho ikatoa chembe nyepesi mbili ziitwazo pioni: moja yenye chaji na moja isiyo na chaji. Nikapima pembe kati ya mabapa mawili ya pioni. Histogramu imetulia kama bahari ya maleleji! Niweke awamu (pembe ya CP ya Higgs) nyuzi 0 au nyuzi 90, hakuna tofauti.

Mwana_Shela (Lamu)
Waalaykum salaam ndugu yangu. Hujagawa matukio kwa alama ya y. Kwa kila tau, chukua nishati ya pioni yenye chaji, toa ya ile isiyo na chaji, gawanya kwa jumla yao: hiyo ndiyo y. Zidisha y zote mbili. Zao likiwa hasi, wimbi limesogea nyuzi 180, kwa hiyo ukichanganya, kilele cha hili kinaangukia bonde la lile. Usiyatupe matukio hayo. Yaongezee nyuzi 180 kisha yajumlishe na wenzake.

Vekta zote nne za pioni zihamishie kwanza kwenye fremu ambamo rho mbili zinaachana mgongo kwa mgongo. Na hakikisha TauDecays:mode, kile kipengele cha Pythia, haiko 0, maana hapo spini za tau zinapuuzwa na hakuna wimbi la kutafuta.

Fundi_Ngomeni
Ahsante sana maalim, wimbi limetoka. Lakini nikiweka nyuzi 45 linapotea tena, na -45 ni vilevile.

Mwana_Shela
Pembe yako inaishia 180, sivyo? Kinyume cha kosini hakikupi zaidi. Tumia alama ya zao la vekta tatu ili ifike 360. Hili si jambo dogo: 0 ni Higgs shufwa kabisa (CP haibadili alama yake), 90 ni witiri kabisa (CP hugeuza alama yake), na kila moja peke yake haivunji CP. Ukiukaji uko katikati, kwenye sehemu ya sini, na ukiikunja pembe unaifuta hiyo hiyo.

Kusi_na_Kaskazi (Malindi)
Naongeza hesabu, kwa sababu 20,000 ni nyingi mno. Tuchukue Higgs milioni 2. Asilimia 6.3 huoza kuwa tau mbili: 126,000. Tau hutoa rho mara 25 na nusu kwa mia, kwa hiyo jozi za rho ni kama 8,200. Kwenye mashine hii Higgs huzaliwa pamoja na chembe Z. Ukitaka Z iliyotoa muoni mbili tu (binamu wengine wa elektroni), asilimia 3.4, unabaki na 280. Lazima uingize Z zilizotoa hadroni (chembe za kwaki), asilimia 70, upate 5,700. Kina cha wimbi kikiwa 0.3, kosa la awamu ni nyuzi 2 hivi, kabla ya uchafu wa matukio mengine. CMS, kikundi cha jaribio kwenye LHC, mashine ya sasa ya CERN, walipata nyuzi -1, kosa nyuzi 19.

Kinachoharibu zaidi ni pioni isiyo na chaji. Fotoni zake mbili huangukia karibu mno na pioni mwenzake. Kalorimita, kifaa cha kupima nishati, ikizichanganya, nishati inahesabiwa upande usio wake, y inageuka alama, na wimbi linapungua kina. Jaribu kuzitia ukungu fotoni zako (yaani yumbisha kidogo vipimo vyake) kabla ya kupima, uone linashuka kiasi gani.