Nimetuma maombi ya kazi sehemu 17, sijaitwa hata moja. Naombeni mnisomee barua yangu

Binti Nyakato
Habari za jioni wakuu. Nina stashahada ya uhasibu, nipo Mwanza. Tangu Agosti mwaka jana nimeomba kazi sehemu 17, zote nimeziandika kwenye daftari, na hakuna walioniita kwenye usaili. Niliosoma nao wenye matokeo kama yangu wanaitwa, ndiyo maana nahisi tatizo ni barua.

Sasa kuna kampuni ya kusambaza vyakula hapa mjini inatafuta mhasibu msaidizi. Wanataka mtu anayejua kulinganisha mauzo ya kila siku na fedha iliyoingia, na anayeijua mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi. Mwisho ni Ijumaa. Barua ninayotumia ni hii:

"YAH: MAOMBI YA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26, mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Naomba nafasi yoyote ya kazi katika ofisi yako. Nina uwezo wa kufanya kazi katika mazingira yoyote na bila kusimamiwa. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litakubaliwa. Wako katika ujenzi wa taifa."

Kwa sasa nipo dukani kwa mjomba, tunauza vifaa vya ujenzi, ila hilo sikuliandika kwa kuwa si kazi ya ofisini. Msinionee haya, niambieni ukweli.

Kimbiza Fursa
Pole dada. Ukweli ni kwamba barua hazisomwi. Tafuta mtu wa ndani akushike mkono, vinginevyo utafika 50.

Mzee wa Masijala
Kimbiza Fursa, kujuana kupo, sikatai. Lakini nimekaa masijala na baadaye utawala kwa miaka 19 na barua nimezisoma mwenyewe. Zinasomwa haraka, hilo ndilo watu hawalijui. Jicho linaanzia kwenye YAH, linashuka mistari mitatu, basi.

Binti, kwenye YAH yako hakuna jina la kazi. Mistari mitatu inayofuata angeweza kuiandika mwombaji yeyote nchini, maana kila mtu ni mchapakazi na mwaminifu. Halafu umeomba "nafasi yoyote". Mwajiri ana kiti kimoja na anatafuta mtu wa kiti hicho. Wewe unamwachia kazi ya kukutafutia pa kukaa.

Nijibu swali moja: hapo dukani, jioni mkifunga, nani anafunga hesabu?

Binti Nyakato
Shikamoo mzee. Nafunga mimi. Natoa ripoti ya Z kwenye EFD, yaani jumla ya mauzo ya siku, nailinganisha na kaunta buku, kisha nahesabu fedha taslimu na kuangalia iliyoingia Lipa Namba. Nilipoanza zilikuwa hazikubaliani karibu kila siku. Mjomba akawa anawashuku vijana wa kaunta. Nikafuatilia wiki mbili, nikakuta wateja wengine wanalipa kwenye namba ya simu ya mjomba mwenyewe, mzigo unatoka na fedha hiyo haiandikwi popote. Nikachora safu ya malipo ya simu kwenye kaunta buku, kila muamala naandika namba yake. Siku hizi ikipungua najua imepungua wapi. Na kila mwezi naandaa hesabu za VAT kabla ya tarehe 20, zinapelekwa kwa mshauri wa kodi.

Mzee wa Masijala
Marahaba binti yangu. Hayo uliyoniandikia hapa ndiyo barua. Tangazo linataka mtu wa kulinganisha mauzo na fedha, wewe ndiyo kazi yako ya kila jioni, na umewaficha kwa sababu ni dukani! Hiyo safu uliyoichora iandike. Usiipambe, ieleze kama ulivyonieleza mimi.

Mama Usaili
Naungana na mzee. Mimi nipo idara ya rasilimali watu. Mdogo wangu, futa hilo la "bila kusimamiwa". Kwa dereva sawa, ila kwenye fedha anayejisifu hivyo ananitia wasiwasi, maana hesabu lazima zikaguliwe na mtu mwingine. Umri toa, upo kwenye CV. Andika jina la duka la mjomba na cheo kinacholingana na kazi unayofanya, lakini mdhamini asiwe yeye. Mwombe yule mshauri wa kodi, yeye ameziona hesabu zako na si ndugu.

Lugha ifuate tangazo: likiwa limeandikwa kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Na ukurasa usizidi mmoja.

Kaka wa Ilemela
Usinakili barua ya zamani na kubadilisha jina la kampuni. Mimi niliwahi kuacha jina la kampuni nyingine kwenye aya ya mwisho, nikaligundua nimeshatuma. Iliniuma sana kwa sababu kazi ile niliitaka kweli.

Afisa Kilimo
Ukija kuomba serikalini kupitia Ajira Portal, fuata tangazo neno kwa neno. Barua ielekezwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, iwe na saini yako, jina la kada liwe lile lile la kwenye tangazo. Na usiweke hati ya matokeo badala ya cheti, haikubaliki.

Binti Nyakato
Asanteni sana. Nimekaa nayo usiku kucha. Tangazo ni la Kiswahili, kwa hiyo mwanzo nimeuandika hivi:

"YAH: MAOMBI YA KAZI YA MHASIBU MSAIDIZI. Kwa miaka miwili nimekuwa nikifunga hesabu za kila siku katika duka la vifaa vya ujenzi lenye miamala kati ya 60 na 80 kwa siku. Kila jioni ninalinganisha ripoti ya Z ya mashine ya EFD na kaunta buku, fedha taslimu na malipo ya simu. Nilipoanza, hesabu zilikuwa zikipishana kwa sababu baadhi ya malipo ya simu hayakuandikwa. Nilianzisha safu ya malipo hayo pamoja na namba ya kila muamala, na sasa tofauti ikitokea tunaijua jioni hiyo hiyo. Ningependa kuifanya kazi hii kwa mauzo yanayofanywa na magari yenu ya usambazaji."

Mzee wa Masijala
Ningekuwa bado ofisini, ningekuita. Ongeza sentensi moja ya VAT, kisha cheti chako na simu yako. Usiguse tena.

Binti Nyakato
Mungu akubariki mzee. Swali la mwisho: niibandike ndani ya barua pepe au niiambatishe?

Mama Usaili
Ambatisha kama PDF, faili lipe jina lako na jina la kazi. Ndani ya barua pepe andika mistari miwili ya salamu na unachoomba, usitume tupu.

Binti Nyakato
Nimetuma leo saa tatu asubuhi. Mshauri wa kodi amekubali kunidhamini. Jioni naanza barua ya sehemu nyingine, hospitali inatafuta mtunza fedha, na naiandika upya kuanzia YAH.