Ngome Kongwe kabla ya matamasha

Dada Zai: Asalaam aleikum nyote. Mwanangu kapewa kazi skuli aandike jengo moja la Mji Mkongwe na matumizi yake tangu zamani, kachagua Ngome Kongwe. Ami upo?

Ami: Waaleikum salaam, nipo. Mwambie asianze na Waomani, pale kwanza palikuwa kanisa la Wareno, lilijengwa baina ya 1598 na 1612, Waomani walipowatimua Wareno mwisho wa karne ya 17 ndo wakajenga ngome papo hapo, na vipande vya kanisa vimo mpaka leo vimeshikana na kuta za ndani

Shangazi: Kumbe! Mie najua jela tu

Ami: Jela ilikuja karne ya 19 bibie, na waliohukumiwa kifo wakiuliwa nje, upande wa ukuta wa mashariki. Halafu wakati wa Waingereza ikawa karakana ya reli

Kaka Mdogo: Reli Unguja hii?? 😳

Ami: Ee, ya Bububu, kama maili 7, ikianzia pale pale mbele ya ngome

Dada Zai: Subirini naandika

Ami: Andika na hili, 1949 ua ule wa ndani ya ngome ulitengenezwa ukawa klabu ya tenisi ya wanawake

Shangazi: Wallahi?? Tenisi pale walipofungwa watu!

Ami: Wallahi. Baada ya Mapinduzi 1964 klabu ikafa pakakaa tu, mpaka miaka ya 90 ndo wakajenga zile ngazi za kukalia, sasa ndo matamasha, Sauti za Busara na mengine

Kaka Mdogo: Na maduka ya vinyago, mie sipendi, pamekuwa kama soko

Ami: Mie nayataka maduka yawepo, mwenye duka akiona chokaa inabanduka atasema siku hiyo hiyo maana yuko pale kutwa. Tazama jirani yake Beit el-Ajaib, kasri la Sayyid Barghash la 1883, likaja kuwa ofisi za serikali, makumbusho, mwisho likafungwa, na 25 Disemba 2020 likaporomoka mafundi wamo kazini, watu 2 wakafa

Shangazi: Allah awarehemu 😢

Ami: Amin. Na katika ukarabati wasitie saruji jamani, mawe yale ya matumbawe yanataka chokaa, saruji inafungia unyevu ndani ukuta unaoza taratibu huku nje unang'ara

Dada Zai: Ahsante Ami. Jumamosi nampeleka, utakuja umuoneshe hizo kuta za kanisa?

Ami: Nakuja, baada ya alasiri jua likipungua. Aje na daftari