Ulinganisho: kununua jumla kwa mwezi, sokoni kila wiki au gengeni kila siku, ipi inashikilia bajeti ya chakula?

Kibaba

Wadau, naweka hesabu hapa ya njia tatu za kununua chakula cha nyumbani, wenye ujuzi mkosoe. Mfano ni kaya ya watu watano Dar es Salaam, wakubwa wawili na watoto watatu wa shule, fungu la chakula Sh 400,000 kwa mwezi. Gesi na mkaa vina fungu lao, visichanganywe humu. Bei nilizotumia ni za kufanyia hesabu tu, kila mtu aweke za sokoni kwake.

Njia A: kila kitu jumla siku ya mshahara.
Njia B: sokoni kila Jumamosi.
Njia C: kila siku gengeni na dukani.

Kabla ya kuchagua njia, anzia kwenye sufuria. Milo miwili mikubwa kwa siku ni milo 60 kwa mwezi. Tuseme ugali 30, wali 18, na 12 iliyobaki ni ndizi, viazi, makande au chapati. Kaya hii inakula unga gramu 750 kwa mlo wa ugali, mchele gramu 600 kwa mlo wa wali, maharage makavu gramu 400 kwa mlo. Hapo unapata sembe kilo 22.5, yaani kiroba cha 25. Mchele kilo 11. Maharage ya milo 16, kilo 6.5. Ongeza mafuta lita 3, sukari kilo 4, ngano kilo 4, chumvi, majani ya chai na viungo.

Kwa shilingi: sembe 40,000, mchele 30,800, maharage 19,500, mafuta 18,000, sukari 12,000, ngano 8,000, vidogovidogo 6,000. Jumla 134,300. Weka 140,000. Akiba ya dharura 20,000. Zinabaki 240,000 za nyama, samaki, dagaa, maziwa, mkate, nyanya, vitunguu, mboga na matunda.

Msimamo wangu: A kwa vikavu pekee, B kwa vinavyokaa wiki, C kwa majani na vitoweo vibichi tu. Anayebeba njia moja kwa kila kitu, bajeti inamfia mkononi. A peke yake inaozesha, C peke yake inavuja.

MuuzaNafaka

Mkuu Kibaba, mgawanyo wako umekaa vizuri. Naongezea upande wa jumla, maana watu wengi hupoteza faida palepale kwenye kipimo.

Sado ni kopo la rangi la lita 4. Maharage yakijazwa usawa wa mdomo yanakuja karibu kilo 3.2, yakirundikwa yanazidi kidogo. Sasa piga hesabu: sado kwa Sh 11,000 ni kama Sh 3,437 kwa kilo. Jirani yake anauza kwa mizani kilo Sh 3,200, na watu wanampita kwa sababu sado "inaonekana nyingi". Halafu geuza kopo ulitazame kitako. Kikiwa kimebonyezwa kuingia ndani, ujazo umeshapungua kabla hujapimiwa. Debe la mahindi nalo ni takriban kilo 18, usilihesabu 20.

Kwenye mizani tazama stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika. Ukiwa na wasiwasi, weka juu yake chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Inatakiwa isome kilo moja na nusu na gramu chache za plastiki. Ikisoma 1.6 na zaidi, ondoka.

Mchele wa gunia usiununue kwa kutazama mdomoni mwa gunia. Omba muuzaji achome bambo, ile bomba yenye ncha ya kuchotea punje ndani ya gunia, katikati na chini, umwage kiganjani. Ukiona juu punje ndefu na chini chenga tupu, umeshajua. Chenga si mbaya, kwa uji na vitumbua inafaa kabisa, ila ilipwe bei ya chenga. Na mchele wa msimu uliopita unakunywa maji mengi na kuumuka kuliko mpya, kwa hiyo kwa familia ya kushiba huo ndio wenye faida.

Msimu: mpunga wa Mbeya na Morogoro unaingia kuanzia Mei, mahindi ya Nyanda za Juu Kusini kuanzia Juni hadi Agosti. Bei hupanda kuelekea Januari hadi Machi. Anayeweza kuweka mahindi ya miezi mitatu anunue Julai, asingoje Desemba.

Sinza_Kwetu

Naomba kuuliza. Ukinunua mahindi ukasage mwenyewe badala ya kiroba, inalipa?

MuuzaNafaka

Inategemea unakula nini. Ukikoboa, kilo 100 za mahindi zinakupa sembe karibu 70, iliyobaki ni pumba. Kwa kilo 25 za sembe unahitaji kama kilo 36 za mahindi, yaani debe mbili. Jumlisha mahindi, kukoboa, kusaga na usafiri, toa pesa ya pumba kama kuna mfuga kuku jirani anayenunua. Mara nyingi tofauti na kiroba inabaki ndogo sana.

Dona ndiyo inalipa, kwa sababu hutupi kitu. Ila dona ina kiini chenye mafuta ndani yake, na kwa joto la Dar inaanza kunuka na kuwa chungu mapema. Saga ya wiki mbili, usisage ya mwezi.

Na mahindi yawe makavu kwelikweli. Chukua chupa kavu, jaza mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi laini iliyokauka, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, usiyahifadhi. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Punje zenye ukungu zitupwe, hata kuku wasipewe.

Boda_Mbagala

Hesabu nzuri, wakuu, lakini hiyo ni ya mwenye mshahara. Kwa mtu wa kipato cha kila siku hakuna 140,000 inayoshuka kwa mkupuo. Huyo abaki njia C milele?

Kibaba

Hapana ndugu yangu, huyo ndiye anayeumizwa zaidi na C, kwa hiyo ndiye wa kupangiwa kwa makini. Laki nne ukigawa kwa siku 30 ni kama 13,400: vikavu 4,700, akiba 700, vibichi 8,000. Ile 4,700 itoke kwanza, kabla ya kitoweo cha siku, iende kwenye kibubu au laini ya simu ambayo hutumii kwa kitu kingine.

Siku ya nne una 18,800, nunua kiroba cha kilo 10 kwa 16,000. Hapo umeacha unga wa kupima. Fuata mafuta, kisha mchele, kisha maharage, kimoja kimoja kadiri kibubu kinavyojaa. Ukimaliza mzunguko wa kwanza, kiroba cha 25 kinawezekana. Hizo siku tatu za mwanzo ndizo ngumu, kwa sababu unaweka na huku bado unanunua kwa kupima. Zianzishe wakati ambao hakuna ada wala kodi ya nyumba.

Kutoa pesa kwenye simu, toa mara moja kwa wiki. Makato yanakwenda kwa viwango, ukitoa elfu tatu tatu kila jioni unalipa mara saba.

DukaLaMtaani

Nazungumza kama mwenye duka. Mafuta ya kupima ndiyo mfano mzuri. Lita ya chupa tuseme 6,000. Kipimo cha mililita 100 kinauzwa 700, maana yake lita 7,000. Kwa lita 3 za mwezi mteja kaongeza 3,000. Si dhuluma, kuna kumwagika, kuna mafuta yanayobaki kwenye kopo, na mtu wa kupima analipwa. Ila mteja ajue analipia nini. Ajue pia kuwa mafuta yanayouzwa kwa uzito si sawa na ya ujazo: lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo "kilo ya mafuta" ni zaidi ya lita. Linganisha lita kwa lita.

Hasara kubwa zaidi ya C lakini iko kwenye zile safari zenyewe. Mtoto anatumwa chumvi, anarudi na chumvi, biskuti na juisi. Ukitaka kupima, andika wiki moja tu kila kilichonunuliwa ambacho hakikuwa kimepangwa. Hapo ndipo elfu mbili tatu za kila siku zinapokwenda.

Na daftari la mkopo: bei mara nyingi ni ileile, kinachokua ni kapu. Mwenye kukopa haoni noti ikitoka mfukoni. Ukilazimika, mwambie mwenye duka kikomo mapema, mfano 15,000, na vitu visivyokopwa, kama soda na vocha. Funga hesabu kila Jumapili, mkasaini wote wawili. Mwenye duka mwenye akili anapenda hivyo, kwa sababu naye mtaji wake unakufa kwenye madaftari.

Mpishi_Tabata

Dada na kaka, mmesahau adui wa njia A: ghala likijaa, mkono unakuwa mwepesi. Kiroba kikiwa kimejaa mpishi anachota kwa sahani, kikifika nusu anachota kwa kikombe. Ndiyo maana kilichopangwa siku 30 kinaisha siku ya 22 na kila mtu anasema bei imepanda.

Dawa yake ni kipimo kimoja kinachokaa ndani ya ndoo ya unga na kingine ndani ya mchele. Kapime mara moja kwenye mizani ya duka: kikombe kile cha bati kinabeba gramu ngapi za mchele uliosawazishwa na kidole? Kama ni 200, wali wa nyumba hii ni vikombe vitatu, basi. Kikombe kisitoke ndani ya ndoo. Mgeni akija, ongeza nusu kikombe kwa kila mtu, na uandike kwa chaki mlangoni ili mwisho wa mwezi ujue kilipokwenda.

Pia ligawe ghala. Toa chakula cha wiki mbili kiwe jikoni, kingine kifungwe. Kwa nafaka na maharage mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inafanya kazi bila dawa: kamua hewa yote, funga kila tabaka peke yake, usifungue mpaka siku yake. Fukusi na wadudu wa maharage wanakufa kwa kukosa hewa. Ukifungua kila siku kuchota kikombe, umewarudishia uhai, na huo mfuko ni sawa na wa kawaida.

Vya sokoni vya Jumamosi navyo vina utaratibu. Nyanya zichague kwa mafungu matatu: zilizoiva za siku mbili, zenye wekundu nusu, na zilizoanza kubadilika. Zipange sakafuni, kikonyo chini, zisibebane. Iliyopasuka ipikwe siku hiyohiyo, maana ikitoa maji inaziozesha za jirani. Vitunguu vikae kwenye wavu penye upepo, mbali na viazi. Mchicha na matembele usinunue ya wiki hata kama ni bei ya kutupa. Siku ya pili yamenyauka, ya tatu unamwaga.

Dagaa nunua wakavu, wasio na mchanga. Sugua kiganjani, kisha tazama kiganja. Ukiona mchanga, unalipia mchanga kwa kilo.

Sinza_Kwetu

Shukrani. Kwa hiyo 240,000 ya vibichi nigawe kwa nne, 60,000 kila wiki?

Kibaba

Usigawe kwa nne! Hapo ndipo bajeti nyingi zinapokatikia. Wiki nne ni siku 28. Ukitumia 60,000 kila wiki, siku ya 29 na ya 30 hazina kitu, na ndizo siku za kukopa. Gawa kwa 30, unapata 8,000 kwa siku, zidisha kwa 7 ni 56,000. Kati ya hizo 30,000 ziende sokoni Jumamosi, pamoja na dagaa na nyama ya wiki kama kuna friji. Zinabaki 26,000, yaani 3,700 kila siku kwa maziwa, mkate, mboga za majani. Mwezi wa siku 31, ile 8,000 ya siku ya ziada itoke kwenye akiba.

MuuzaNafaka

Jambo la nauli nalo. Kwa kilo 42.5 za sembe, mchele na maharage, ukiokoa Sh 200 kwa kilo umepata 8,500. Bajaji ya kurudi na mzigo kutoka Tandale ikichukua 5,000, faida halisi ni 3,500 na nusu siku imekwenda. Ungana na jirani mmoja, mzigo unakuwa kilo 85, bajaji ileile, kila mmoja anabaki na 6,000. Wakiwa watu wengi zaidi chukueni gunia zima, lakini gawaneni kwa mizani, siyo kwa sado, na mkubaliane kabla kwamba mawe na vumbi ni hasara ya wote.

Boda_Mbagala

Na sukari? Kila Ramadhani inapanda, na mwanzoni mwa 2024 iliadimika kabisa mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani.

DukaLaMtaani

Sukari inakaa muda mrefu ikiwa kavu, kwa hiyo ndiyo ya kununua mapema. Kaya ya kilo 4 kwa mwezi iongeze kilo moja kila mwezi kwa miezi minne kabla ya Ramadhani, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na ukuta wa bafu. Ngano na tambi pia vinakaa. Tende na nazi usilimbikize, nazi zinachachuka. Usichukue zaidi ya hapo, mkuu. Pesa iliyolala kwenye kilo 20 za sukari ndiyo ileile inayokosekana siku mafuta yakiisha.